Karo Limejaa

Mwezi wa pili mwaka huu niliandika hivi kwenye kundi la WhatsApp la chama chetu: "Jamani, leo sitakuja kwenye mazungumzo. Nyumbani karo limejaa, nina simu ndefu ya kupiga." Dakika haijaisha, mwenzetu mmoja wa Nakuru akajibu: "Hongera! Yetu haijawahi kujaa tangu nizaliwe. Wazazi wako wanafanya kazi gani?"

Tulicheka sana siku hiyo. Kwa ndugu zetu Wakenya, karo ni pesa ya shule. Kwetu Dar es Salaam pesa ya shule ni ada, na karo ni lile shimo lililo nyuma ya nyumba, linalopokea maji yote ya chooni. Mwingine akaongeza kwamba kwao karo ni mahali pa kuoshea vyombo. Mwalimu akaingia, na kwa nusu saa nzima watu wakabishana kama tuseme karo hili au karo hii. Nadhani ni mjadala uliochangiwa na watu wengi kuliko wote mwaka huu.

Nami nilicheka. Kisha nikaweka simu mezani nikakaa kimya, maana jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Mhariri alipoomba makala za toleo hili nikaona niandike juu ya hilohilo karo, la kwetu Chanika na la nyumba ninayokaa hapa Brussels. Wasomaji wenye haya wanisamehe. Kiswahili kina njia nyingi za adabu za kulizunguka jambo hili: kwenda haja, kwenda msalani, kujisaidia, maliwato. Kulizunguka tunaweza wote, ila baada ya hapo mtu fulani lazima ajue kinachoendelea chini ya mfuniko.

Nyumba ya kwetu aliijenga marehemu baba kidogo kidogo, kama wanavyojenga wengi pembezoni mwa jiji. Bomba la majitaka la jiji halifiki Chanika. Kila nyumba na shimo lake. Letu lilichimbwa nyuma ya jiko, likazungushiwa tofali zilizopangwa bila saruji katikati ili maji yapenye na kunywewa na ardhi, na chini likaachwa mchanga mtupu. Juu likafunikwa zege lenye tundu la mfuniko. Fundi alisema litakaa miaka ishirini. Hakuna aliyemuuliza miaka hiyo ameihesabu vipi.

Kisima kilikuja baadaye, baba alipochoka kununua maji ya madumu. Kilichimbwa pale ambapo palikuwa na nafasi. Kutoka mfuniko wa karo hadi mdomo wa kisima ni hatua kumi na moja za mtu mzima. Najua kwa sababu tulizitumia kama uwanja wa kuruka kamba. Majirani wanne huchota maji pale, na mama hajawahi kumtoza mtu.

Sasa nije huku. Ninakaa Uccle, kusini mwa Brussels, kwa mama mmoja mzaliwa wa Bukavu aliyefika Ubelgiji kabla sisi wengi hatujazaliwa. Sehemu kubwa ya jiji hili imeunganishwa na mifereji ya chini ya ardhi, lakini zipo nyumba za zamani ambazo bado zina matangi yao, na yetu ni mojawapo. Tangi liko bustanini, chini ya mfuniko wa chuma uliokaribia kumezwa na nyasi. Siku niliyohamia, kabla hajanionyesha chumba, mama mwenye nyumba alinipeleka kwenye mfuniko ule akausimamia kama mtu anayemtambulisha mzee wa ukoo.

"Weye mutoto," akasema, "huyu ndiye muntu wa kwanza mu nyumba. Ukimulisha mubaya, sisi wote tutalia."

Mlango wa choo una karatasi aliyoiandika kwa mkono, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha kwao. Usitupe pedi. Usitupe vile vitambaa vyenye majimaji vya kupangusia watoto, hata kama pakiti imeandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni. Usimwage mafuta ya kukaangia. Usimwage jiki chupa nzima. Usifue nguo zote siku moja. Nilidhani ni ukali wa mwenye nyumba tu. Sikujua kila mstari una sababu yake, mpaka siku alipoamua kunieleza, na alinieleza kwa sufuria ya mchuzi uliokuwa umelala.

"Ona," akasema, "mafuta iko juu, nyama iko chini, mayi iko katikati."

Ndivyo tangi linavyofanya kazi. Kila kinachoingia hujigawa chenyewe. Mafuta na vyepesi hupanda na kufanya utando. Vizito huzama na kuwa tope. Katikati hubaki maji ambayo si safi, lakini hayana tena vipande, na hayo ndiyo yanayoruhusiwa kutoka upande wa pili. Kule chini kwenye tope wanaishi vijidudu wasiohitaji hewa, ambao kazi yao ni kula. Jiki nyingi huwaua. Maji mengi kwa mkupuo mmoja hulikoroga tope likatoka pamoja na maji. Vitambaa havioziki. Mafuta huganda na kuziba bomba. Vijidudu wale wanapokula hutoa gesi, na mama mwenye nyumba, mtu wa Bukavu, alicheka akasema gesi hiyohiyo ya methani imelala kwa wingi chini ya Ziwa Kivu, na Rwanda wanaigeuza umeme.

Inasemekana tangi la namna hii lilibuniwa na Mfaransa Jean-Louis Mouras wa mji wa Vesoul, katika miaka ya 1860, akapewa hataza yake mwaka 1881. Alipolifungua baada ya miaka mingi alikuta majimaji yamejaa lakini vigumu ni vichache mno kuliko alivyotarajia. Vijidudu walikuwa wamefanya kazi yao bila mshahara. Lakini hawamalizi kila kitu. Tope hupanda polepole, na kwa nyumba ya kawaida, baada ya miaka mitatu hadi mitano, lazima linyonywe. Ukisubiri mpaka choo chenyewe kikwambie, umechelewa.

Sisi tulichelewa. Mwezi wa kumi na moja mpangaji wa juu alipata ugeni wa ndugu mwenye mtoto mchanga, na ule mstari wa pili wa karatasi ukasahaulika. Jumapili moja jioni bafu la chini likaanza kubwabwaja kama mtu anayesukutua. Jumatatu gari la kunyonya lilikuja. Nyumba za mtaa wetu zimebanana bega kwa bega, kwa hiyo bomba nene la gari lilipita mlango wa mbele, likafuata ujia wote, likapita jikoni hadi bustanini. Mama mwenye nyumba alikuwa ametandika maboksi sakafuni na kutundika mashuka ukutani kama anapokea bibi harusi.

Yule mfanyakazi alikuwa mtu mpole. Aliniona ninachungulia, akanipa tochi. Alinionyesha bomba la kuingilia na la kutokea, kila moja likiwa na umbo la herufi T, ili maji yatoke ya katikati bila kuchukua utando wa juu. Alinionyesha vitambaa vilivyojisokota kwenye T ya kutokea mithili ya kamba ya katani. Akaniambia neno moja nililolikariri: usiingize kichwa, na kamwe asiingie mtu. Harufu ya yai bovu ni ya gesi ambayo ikizidi pua haiisikii tena, na hapo mtu huanguka. Anayemfuata kumwokoa huanguka pia. Alipomaliza alitutaka tulijaze tena tangi kwa maji safi. Nilishangaa, mbona tumelipa liwe tupu? Kumbe tangi tupu linaweza kusukumwa na maji ya ardhini au kuta zake zikabanwa na udongo, na pia bila maji ule mgawanyo wa tabaka hauanzi.

Usiku huo nilijiona mtaalamu. Nikampigia mdogo wangu Chanika nimsimulie. Alisikiliza, halafu akauliza, "Dada, hiyo gari ya huko bei gani?" Nilipomtajia akapiga mluzi, tukaongea mengine.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye ile siku ya mwezi wa pili. Mama alipiga akasema, "Mwanangu, karo limejaa." Nikamwambia nitatuma pesa ya gari mwisho wa mwezi. Akanyamaza kidogo, akasema sawa. Kisha mdogo wangu akachukua simu, akatoka nje, nikasikia mlango.

"Dada, usijisumbue. Masika yanakaribia. Tutalifungulia tu."

Kwa wasiojua: kufungulia, au kutapisha choo, ni hivi. Mvua kubwa ikinyesha usiku, mtu hutoboa ukuta wa karo upande wa bonde, au huchimba mfereji mdogo, na kila kitu kikaenda na mafuriko. Asubuhi kila mtu anamtazama mwenzake, na hakuna aliyefanya. Sheria inakataza, na kila masika hufanyika.

Nikapandisha sauti. Nikamkumbusha mwaka 2015, mwezi wa nane, kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam na kusambaa nchini. Mimi nilikuwa sekondari, yeye shule ya msingi. Tulikatazwa kununua maembe ya kukatwa na juisi za barabarani, na mama alichemsha maji mpaka mkaa wa mwezi ukaisha katikati ya mwezi. Nikamwambia kuhusu vijidudu, kuhusu T, kuhusu kisima. Akaniacha nikamaliza.

"Dada," akasema, "wewe uko Ulaya, unaongea. Mwaka jana tulifungulia. Mama alikuombea pesa ya gari mara tatu, ukasema mwisho wa mwezi."

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka. Mara ya kwanza nilikuwa na ada. Mara ya pili nilinunua koti, kwa sababu baridi ilikuwa imenishinda. Mara ya tatu sikumbuki kabisa nilikuwa na nini, na hiyo ndiyo inayoniuma. Kwangu lilikuwa jambo dogo la nyumbani linaloweza kungoja. Mama, ambaye hajamtoza mtu ndoo ya maji, alisimama dirishani usiku wa mvua akamshikia mwanawe taa. Chini yetu bondeni wanaishi watu tunaosalimiana nao kila asubuhi.

Kesho yake sikwenda darasani. Nilitembea tu, na miguu ikanipeleka Porte d'Anderlecht, kwenye Makumbusho ya Mifereji ya Majitaka ambayo mama mwenye nyumba alikuwa ameniambia habari zake. Unashuka ngazi na unajikuta pembeni ya mto. Mto wenyewe, Senne, ulikuwa ukipita katikati ya Brussels, ukibeba uchafu wa nyumba na viwanda. Baada ya kipindupindu cha mwaka 1866, meya Jules Anspach alisukuma mbele mpango wa msanifu majengo Léon Suys wa kuufunika. Kati ya 1867 na 1871 mto ukazikwa, na juu yake zikajengwa barabara pana na majumba ya fahari. Watu wengi maskini waliokuwa wakiishi kando yake walibomolewa nyumba. Tunapokwenda kunywa kahawa pale Boulevard Anspach, tunatembea juu ya njia ya zamani ya mto huo.

Lakini kufunika si kusafisha. Jambo lililonisimamisha lilikuwa tarehe. Mtambo wa kwanza wa kusafisha majitaka ya Brussels, wa kusini, ulianza kazi mwaka 2000. Ule mkubwa wa kaskazini ulianza mwaka 2007. Kabla ya hapo majitaka ya jiji hili, lenye ofisi za Umoja wa Ulaya na makao ya NATO, yaliingia mtoni kama yalivyo na kuelekea kwa majirani wa chini. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa.

Sikufurahi kujua hivyo, wala sikuona kwamba inatuondolea lawama. Ila aibu yangu ilibadilika sura. Nilikuwa nimeiona kama aibu ya kwetu, ya watu wasiojua. Kumbe mama anajua, na mdogo wangu anajua, na Anspach naye alijua. Aliyeko juu humwachia aliyeko chini, pale ambapo gharama ya kufanya vizuri inamwangukia peke yake na hakuna anayemuuliza. Wahenga wetu wa pwani hawakuwa wajinga wa mambo haya pia. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na vyoo ndani, hata ghorofani, vyenye mashimo marefu, na birika za maji zilizofugiwa visamaki vya kula mabuu ya mbu. Ujuzi tunao siku nyingi. Matunzo ndiyo yanayohitaji pesa na mtu wa kukumbuka.

Nilimpigia mama, si mdogo wangu. Nilimwomba radhi. Akasema, "Mwanangu, mimi sikulaumu. Ila sikupenda, na usiku ule sikulala." Tukakaa kwenye simu bila kusema kitu, mpaka salio lake likakata, maana safari hii yeye ndiye aliyekuwa amepiga tena.

Gari lilikuja Chanika wiki mbili baadaye, kabla ya mvua. Sehemu ya pesa ilikuwa yangu ya kuosha vyombo mgahawani, sehemu ilitoka kwenye mchezo wetu wa chama, ambapo yule mwenzetu wa Nakuru alinipisha zamu yake. "Karo lazima ilipwe," alisema. Mdogo wangu alitaka kuokoa pesa kwa kumshusha kijana mmoja achote tope la mwisho kwa ndoo. Mtaani kwetu vijana wa kazi hiyo huitwa vyura. Nilimkatalia kwa maneno yaleyale ya mtu wa tochi, na safari hii alinisikiliza, nadhani kwa sababu nilikuwa nimelipa kwanza kabla ya kuongea.

Bado hatujamaliza. Umbali unaoshauriwa kati ya choo cha shimo na chanzo cha maji ya ardhini ni angalau mita 30, na sisi tuna hatua kumi na moja. Kisima hakihami, kwa hiyo karo ndilo litakalohama, kwenda upande wa mbele karibu na barabara, safari hii likiwa na vyumba viwili, sakafu ya zege, na T pande zote mbili. Nimemchorea mdogo wangu kwenye karatasi nikapiga picha. Mpaka hapo, maji ya kisima ni ya kufulia na kumwagilia, na ya kunywa ni ya kuchemsha. Mama amewaambia majirani wanne sababu yake. Nilimsihi aseme tu kwamba maji yameharibika. Akasema uongo mmoja ulitosha.

Kuna kitu kidogo ninachoweza kuwapa wenzangu ambao nyumbani wana shimo na si bomba la jiji. Ni njia niliyofundishwa na mama mwenye nyumba. Chukua mti mrefu ulionyooka, uzungushie kitambaa cheupe upande wa chini, uushushe polepole kupitia tundu la mfuniko hadi uguse chini, ukae dakika chache, uutoe. Palipokuwa na tope pataacha alama nyeusi. Tope likifika theluthi moja ya kina, ita gari. Simama upande upepo unakotokea, usiwashe moto wala sigara, usiwe peke yako, funika mara moja, na nawa mikono kwa sabuni. Usinunue unga wowote unaoahidi kwamba hutanyonya tena maishani.

Mdogo wangu alifanya hivyo Jumamosi iliyopita, akanitumia picha. Kitambaa ni kipande cha kanga nyeupe ya mama. Tope ni viganja viwili tu. Kwenye mti amekwangua alama kwa kisu na kuandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake ameacha nafasi ya tarehe nyingine. Anasema mti utakaa nyuma ya jiko, na hakuna ruhusa ya kuufanya kuni.